Uzi: Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi na Wachwezi. Mwiko wa kuchimbia unajibu nini, na unakwama wapi?

#1 Tabaka_Chini

Wadau, habari za huko. Kila jina la Wachwezi, wale watawala wa kale wa masimulizi ya magharibi mwa Uganda, likitajwa humu, uzi unageuka ligi ya mpira. Upande huu wanasema walikuwa wafalme kamili, wametawala kuanzia Mwitanzige (Ziwa Albert) hadi mto Kagera. Upande ule wanasema ni mizimu ya kubandwa, yaani ibada ya kupandwa na mizimu, basi. Halafu wote wanafunga hoja kwa maneno yaleyale: "akiolojia imethibitisha."

Naomba tuwaweke Wachwezi pembeni kwa muda, tushughulike na handaki. Bigo bya Mugenyi iko ukingo wa kusini wa mto Katonga, wilaya ya Sembabule, Uganda. Mahandaki yake ukiyaunganisha yanazidi kilomita 10, mengine yamechongwa hadi kwenye mwamba, na kina chake mahali pengine kinakaribia mita 4. Peter Shinnie alichimba pale 1957, Merrick Posnansky akafuata 1960 akiwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda. Vipimo vya kaboni 14 (njia ya kupima umri wa mkaa, mbegu au mfupa) viliangukia, kwa jumla, karne ya 14 hadi ya 16. Hapo ndipo watu hushangilia, kwa kuwa ukihesabu vizazi vya Wabito, ukoo wa wafalme wa Bunyoro waliofuata baada ya Wachwezi, kurudi nyuma unafika hukohuko ambako masimulizi yanasema Wachwezi waliondoka.

Sasa swali. Mkaa unaopimwa hutoka sehemu gani ya handaki? Handaki ni uwazi, na uwazi haupimiki. Kinachopimwa ni kilichoangukia ndani, au kilichofukiwa na udongo uliotolewa. Ukikata handaki ubavu utakuta chini kabisa kokoto na mabonge yaliyoporomoka kutoka kingoni, mara nyingi ndani ya misimu michache tu ya mvua baada ya kazi kwisha. Juu yake kuna udongo laini ulioingia polepole, pengine kwa karne mbili au zaidi. Juu kabisa ni udongo wa leo, mizizi na kwato za ng'ombe.

Mkaa wa tabaka la kati unasema handaki lilikuwa wazi na linaendelea kujaa. Hausemi lilichimbwa lini. Mkaa wa tabaka la chini nao una mtego wake: unaweza kuwa umeporomoka kutoka makazi ya zamani zaidi yaliyokuwapo pale ukingoni kabla handaki halijafikiriwa. Kwa hiyo sampuli moja inakusogeza mbele, nyingine inakurudisha nyuma, na zote mbili maabara imezipima kwa usahihi.

Mahali penye jibu zuri ni chini ya tuta. Watu walipotupa udongo pembeni walifunika ardhi ya siku ile, na ardhi hiyo bado ipo kama mstari mweusi wa sentimita 10 hadi 20. Punje ya ulezi iliyoungua ikitoka ndani ya mstari huo, handaki lilichimbwa baada ya punje hiyo. Ukiiambatanisha na sampuli ya mwanzo wa udongo laini ndani ya handaki, umelibana kutoka pande mbili. Sampuli hizo zitoke kwenye mkato mmoja. Ukichukua ya tuta huku na ya handaki kilomita moja kule, hujabana kitu.

#2 Hesabu_Kwanza

Uzi mzuri, mkuu. Nikuongezee upande wa nguvu kazi, kwa sababu hoja ya "dola kubwa" inasimama juu ya ukubwa wa mahandaki.

Chukua kilomita 10. Kina cha wastani mita 3, upana wa juu mita 7, umbo la V. Eneo la mkato ni 7 × 3 ÷ 2, yaani mita za mraba 10.5. Zidisha kwa mita 10,000: mita za ujazo 105,000. Mtu mmoja mwenye jembe la mkono na kapu, kwenye udongo wa kawaida, anatoa mita za ujazo 2 kwa siku. Hiyo ni siku-mtu 52,500. Watu 500 wanamaliza kwa siku 105, kiangazi kimoja na kidogo. Weka mwamba wa chini, punguza kasi hadi nusu mita ya ujazo kwa siku: siku-mtu 210,000, watu 500 siku 420.

Ni kazi kubwa, sikatai. Lakini watu 500 wakijitolea miezi mitatu kila kiangazi wanamaliza ndani ya miaka mitano hata kwa kasi ile ya chini. Hilo halihitaji himaya ya kutoka ziwa hadi ziwa. Linahitaji mtu au baraza lenye uwezo wa kuwalisha watu 500. Hicho ndicho ukubwa wa handaki unachothibitisha.

#3 Mjukuu_wa_Hoima

Ndugu zangu, hesabu ni nzuri, ila msiyatupe masimulizi kana kwamba ni hadithi za kulalia watoto. Ndahura, Mulindwa, Wamara: majina haya ya watawala wa Wachwezi yanasimuliwa Bunyoro, Tooro, Nkore, na ukivuka Kagera unayakuta Karagwe na Buhaya. Ziwa Wamala pale Mityana linabeba jina la Wamara. Mubende kuna mti wa Nakayima, ambako ibada ya Ndahura ilitunzwa na wanawake waliorithishana cheo. Visa vya ng'ombe Bihogo, safari ya Isaza kwenda kwa Nyamiyonga mfalme wa kuzimu, Bukuku na binti yake Nyinamwiru, vyote vina mpangilio uleule kila unakokwenda.

Halafu kuna ushahidi wa mbinguni. Biharwe, karibu na Mbarara, masimulizi yanasema jeshi la Bunyoro lilirudi nyuma jua lilipofunikwa mchana. Kupatwa kwa jua kwa 17 Aprili 1520 kunalingana, na mnara umejengwa pale. Kama tarehe moja ya masimulizi inashika, kwa nini nyingine zisishike?

#4 Tabaka_Chini

Mzee wangu wa Hoima, situpi masimulizi. Nayasoma kama ninavyosoma udongo: kila simulizi lina tabaka lake, na la kwanza kuuliza ni liliandikwa lini na nani alikuwa akimsikiliza nani. Omukama (mfalme wa Bunyoro) Tito Winyi alichapisha orodha ya wafalme katikati ya miaka ya 1930, kwa herufi K.W., katika Uganda Journal. Miaka hiyohiyo, 1934, Wayland wa idara ya jiolojia aliandika kuhusu Bigo katika jarida hilohilo. Watu waliosoma wakawasimulia wasiosoma. Ukienda leo kijijini ukiuliza "nani alichimba?", jibu linaweza kuwa limepitia darasa la nne B. Kwa hiyo andika kando ya kila simulizi: msimulizi ni wa ukoo gani, alilisikia kwa nani, alisoma shule, kuna kitabu nyumbani. Swali liulizwe kwa lugha ya nyumbani na lisitaje jina. Uliza "hapa wanasemaje?" na usiulize "ni kweli Wamara aliishi hapa?"

Jambo ulilosema la majina kusambaa ni zito, ila linaweza kusomwa kwa njia mbili. Ibada ya kubandwa yenyewe husafiri, na majina ya mizimu husafiri nayo. Christopher Wrigley alilisema hilo tangu 1958: huenda hawa ni miungu waliopewa viti vya ufalme baadaye. Usambaaji wa majina peke yake hauwezi kuchagua kati ya dola iliyosambaa na ibada iliyosambaa.

Kuhusu jua: kwa wastani, mahali pamoja hupata kupatwa kamili mara moja katika miaka 375 hivi, kwa hiyo tukio la 1520 ni kipini kizuri kuliko vingi tulivyo navyo. Lakini kipini hicho kimeshika vita vya Biharwe, wakati wa Wabito. Kutoka pale kurudi hadi Wamara, wa mwisho wa Wachwezi, bado unahesabu vizazi. Hesabu hizo zina tatizo: orodha ya Wabito inafika Omukama wa 27, na wengine kati yao walirithiana ndugu kwa ndugu, kwa hiyo wafalme 27 si vizazi 27. Tuseme vizazi ni 18. Kwa miaka 27 kwa kizazi, kiwango alichokitumia Roland Oliver, ni miaka 486. Kwa miaka 22, 396. Kwa miaka 32, 576. Tofauti ni miaka 180, na ndani ya miaka 180 unaweza kuingiza handaki lolote la magharibi mwa Uganda.

#5 Kigae_Kimoja

Mmesahau vyungu. Naona watu wanapiga picha kigae na kuandika "cha Wachwezi". Hakuna kigae cha Wachwezi. Kuna kigae chenye nakshi fulani, cha tabaka fulani.

Kwa ufupi, katika eneo letu: vyungu vya Urewe, vyenye mistari iliyochorwa na vingine vyenye kibonyeo kitakoni, vinaanza karne za mwisho kabla ya Kristo na kufifia karibu na karne ya 8 au ya 9. Kuanzia karibu mwaka 1000 nakshi za kuviringisha, yaani za kubiringisha kifaa juu ya udongo mbichi wa chungu, zinatawala. Bigo na maeneo mengine ya kale ya jirani, Munsa, Mubende na Ntusi, zote zina nakshi hizo, na baadhi ya vyungu vya Bigo vina rangi nyekundu juu ya udongo wa kahawia hafifu.

Kuna nakshi za kuviringisha aina tatu, na watu wengi wanazichanganya. Uzi uliosokotwa unaacha safu za vishanga vidogo vilivyolala mshazari. Ukanda wa nyasi uliofungwa mafundo unaacha gridi ya alama zinazofanana na punje za dengu. Kijiti kilichochongwa kinaacha umbo linalojirudia sawasawa kila linapomaliza mzunguko. Usiamue kwa kutazama kigae chenyewe, mwanga hudanganya. Chukua plastisini, paka unga kidogo kigae kisishike, bonyeza, kisha bandua. Sasa unaona kifaa chenyewe kwa umbo lake la asili, siyo alama yake, na mjadala unaisha ndani ya dakika moja.

Makosa ya kila mara:

Kuosha kila kitu. Rangi nyekundu hutoka kwa brashi ngumu na maji mengi. Jaribu kona moja kwanza kwa pamba mbichi.

Kuosha kigae unachotaka kupima mafuta yaliyonyonywa na chungu, ya maziwa au nyama. Hicho hakioshwi, hakishikwi kwa mikono yenye losheni, na hakiwekwi kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki yenyewe inaacha kemikali zake. Foili ya jikoni, kisha bahasha. Maabara inahitaji gramu 2 hivi za unga wa kigae, kwa hiyo chagua kipande kinene cha karibu na mdomo au bega la chungu.

Kupima kipenyo cha mdomo kwa kipande kidogo mno. Chini ya asilimia 5 ya duara, namba utakayopata ni kubahatisha. Vigae chini ya sentimita 2 hesabu, pima uzito, weka kando.

#6 Bosi_wa_Kalerwe

Na dhahabu je? Hao Wachwezi hawakuzika dhahabu? 😂

#7 Kigae_Kimoja

Ssebo, hakuna dhahabu. Kuna majivu, mifupa na mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyusha chuma. Anayechimba usiku kutafuta dhahabu anaharibu tabaka zote na kurudi nyumbani na kisahani cha udongo.

#8 Meno_ya_Ngombe

Majivu na mifupa ndiyo utajiri wenyewe, mkuu. Tusogee kusini kidogo ya Bigo, tufike Ntusi, kwa sababu ninaona Ntusi inajibu maswali mengi kuliko Bigo yenyewe na hakuna anayeitaja.

Ntusi ni makazi ya takriban hekta 100, yenye vilima viwili vikubwa vya taka na mabonde yaliyochongwa. Andrew Reid alichimba pale kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Watu waliishi kuanzia karibu karne ya 11 hadi ya 15. Maana yake Ntusi ilikuwa mji wenye watu wengi kabla mahandaki ya Bigo hayajachimbwa. Kwa hiyo anayesema ustaarabu wote ulikuja na wageni wa ghafla waliochimba mahandaki na kutoweka, aeleze kwanza miaka mia tatu ya Ntusi.

Udongo wetu mwekundu una tindikali na hula mifupa. Vilima vya taka vina majivu mengi, na majivu hupunguza tindikali, ndiyo maana mifupa imebaki. Ng'ombe ndio wengi mno, na wengi wao walichinjwa wakiwa wachanga. Umri unausoma kwenye taya: gego la kwanza linatokeza karibu na miezi 6, la pili kati ya miezi 12 na 18, la tatu kati ya 24 na 30. Ng'ombe wetu wa asili huchelewa kidogo, kwa hiyo usitumie jedwali la Ulaya bila kuacha nafasi. Pamoja na taya angalia usagikaji wa meno, sivyo utawaweka ng'ombe wa miaka mitatu na wa miaka kumi kwenye kapu moja.

Mfugaji mwenye ng'ombe watano hachinji ndama ovyo, maana ndama akikosekana jike la asili hugoma kushusha maziwa. Kuchinja wachanga wengi hivyo kunahitaji makundi makubwa na mtu mwenye sauti ya kuamua nani achinjwe. Hapo pana dalili ya mamlaka, bila kuhitaji handaki.

Na wasiishie kwa ng'ombe. Ntusi ina mawe ya kusagia, visu vya chuma vya kuvunia na mashimo ya kuhifadhia. Walikuwa wakulima wa nafaka vilevile. Ule mgawanyo wa wafugaji watawala na wakulima watawaliwa, tangu mwanzo wa dunia, hauonekani kwenye vilima hivi. Watu walewale, ndani ya makazi mamoja, wanakula nyama na kusaga ulezi. Kuna pia shanga chache za kioo na simbi za kauri. Kauri haziishi Katonga, zimetoka pwani ya Bahari ya Hindi, mkono kwa mkono.

#9 Nnyabo_Lwemiyaga

Asanteni kaka zangu. Mimi nauliza la kawaida. Mtu analima, jembe linagonga chungu kizima au sanamu ya udongo. Afanye nini? Huku watu wakiona kitu wanakimbilia kukiuza au wanakivunja kwa kuogopa mizimu.

#10 Tabaka_Chini

Dada, swali hili ni kubwa kuliko yote ya juu. Angalia kichwa cha Luzira. Mwaka 1929 kichwa na vipande vya sanamu ya udongo vilifukuliwa kwenye eneo la gereza la Luzira wakati ardhi inasawazishwa, vikapelekwa London, na hadi leo viko British Museum. Ni miongoni mwa sanamu za ajabu kuliko zote za eneo la maziwa makuu. Lakini kwa kuwa hakuna aliyechora tabaka, ilichukua karibu miaka 80 hadi Andrew Reid na Ceri Ashley walipotoa hoja yenye mguu, 2008, kwa kulinganisha vyungu, kwamba vinaelekea mwisho wa milenia ya kwanza. Kitu kiko salama kabatini, na maelezo yake mengi yalibaki kwenye shimo lililofukiwa.

Kwa mkulima: asimamishe jembe, asikitoe. Apige picha tatu: ya karibu yenye kitu cha kulinganisha ukubwa, sarafu au rula, ya hatua tano nyuma, na ya mbali inayoonyesha mti au nyumba. Apime kina kutoka juu ya ardhi hadi juu ya kitu. Simu yoyote yenye ramani inatoa namba za mahali, aziandike. Kisha afunike kwa udongo uleule, asifunike kwa nailoni kwa sababu jasho lake linaozesha, na aweke kijiti cha alama. Taarifa iende kwa afisa utamaduni wa wilaya na Idara ya Makumbusho na Minara, Kampala. Kama kitu kimekwishatoka, kisioshwe. Kiwekwe kwenye sanduku la karatasi pamoja na udongo uliokizunguka, kivulini.

Kuchimba kwa utafiti ni jambo jingine kabisa: kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ruhusa ya Idara hiyo, ridhaa ya mwenye ardhi, na pale penye ibada, watunzaji wa mahali wasikilizwe kabla ya kamba kufungwa. Kupeleka sampuli nje ya nchi nako kuna kibali chake. Anayeanza kuomba wiki mbili kabla ya safari amechelewa miezi.

#11 Fundi_Timazi

Nimekuwa nikisoma tu. Naona mnasema "kata handaki" kana kwamba ni kukata muhogo. Niweke hatua, maana handaki la mita 4 huua watu.

Mkato ukingame, ukilivuka handaki kwa pembe mraba, upana mita 2, urefu ufunike handaki lote na tuta lote, kwa kawaida mita 15. Usikate mlangoni, pale udongo umechanganywa na mapito. Kazi ya ujazo ni 2 × 15 × wastani wa mita 2, yaani mita za ujazo 60. Kwa uchimbaji wa uangalifu mtu anatoa nusu hadi mita moja ya ujazo kwa siku. Watu 8 wanahitaji siku 8 hadi 15, na hapo bado hujachora.

Kina kikizidi mita 1.2, kingo hazibaki wima bila msaada. Ama punguza kwa ngazi, mita 1 ndani kwa kila mita 1.2 ya kina, ama tia mbao na nguzo za mkalitusi zilizokazwa. Kwa handaki la mita 4 chagua ngazi. Itakulazimu kufungua juu upana wa mita 8 hivi ili ubaki na mita 2 chini, na ujazo ule wa 60 unaongezeka mara mbili au zaidi. Panga bajeti kwa namba hiyo ya pili. Udongo uliotolewa ukae mita 2 kutoka ukingoni. Ngazi ya kupandia isitolewe mtu akiwa chini. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna kuingia mpaka kingo zikaguliwe, hata kama wafadhili wamefika.

Chimba tabaka kwa tabaka, usichimbe kwa sentimita 20 za rula. Kila tabaka lipewe namba, rangi isomwe udongo ukiwa na unyevu, na kila mara kwa kitabu kilekile cha rangi. Chekeche la milimita 5 kwa udongo wote. Toa lita 20 hadi 40 za udongo kutoka kila tabaka muhimu, utie majini ili mbegu zilizoungua zielee, na kitambaa cha kunasa mbegu kiwe cha matundu ya milimita 0.3. Bila hilo hupati ulezi, maana punje yake inapita kwenye chekeche la kawaida.

Mchwa. Hili wengi hulipuuza. Mchwa hushusha mkaa na kupandisha mchanga laini. Ukuta wa mkato ukionyesha vijumba vya mviringo vyenye udongo laini, usichukue sampuli ndani ya sentimita 30 kutoka hapo. Mkaa ulio peke yake, bila kigae wala mfupa jirani, una shaka. Mkusanyiko wa mbegu 20 mahali pamoja una nguvu zaidi.

Ukimaliza, tandika magunia ya katani au kitambaa cha kupitisha maji juu ya ukuta na sakafu, rudisha udongo kwa sentimita 20 kwa wakati ukishindilia, malizia na nyasi zilezile. Ukiacha wazi msimu mmoja, tuta litaporomokea shimoni na mchimbaji wa baadaye ataona "tabaka la kale" ambalo ni lako.

#12 Hesabu_Kwanza

Fundi, heko. Nami niongeze kuhusu namba zenyewe, kwa sababu watu wanasoma "1450 kuongeza au kutoa 100" kama tarehe ya kuzaliwa.

Vipimo vya miaka ya 1960 mara nyingi vilikuwa na kosa la karibu miaka 100 kila upande, na vilihitaji gramu kadhaa za mkaa. Gramu kadhaa maana yake gogo, na gogo la mti wa miaka 200 likikatwa linakupa umri wa moyo wake, siyo wa moto. Leo mashine zinapima punje moja ya mtama. Pima mbegu, achana na gogo.

Pili, namba ya maabara lazima irekebishwe, kwa kuwa kaboni 14 angani haikuwa sawa kila karne. Kipimo cha miaka 600 kabla ya 1950, kosa la miaka 30, kinarudi kama karibu 1300 hadi 1410. Kipimo cha 330, kosa lilelile, kinaenea karibu 1480 hadi 1640. Angalia hilo: ndani ya dirisha hilo la pili mna mwisho wa Wachwezi kwa hesabu nyingi za vizazi, mwanzo wa Wabito, na jua la Biharwe. Kipimo kimoja hakiwezi kuvitenganisha. Na ikweta inaleta kero yake, hewa ya kaskazini na ya kusini huchanganyika, kwa hiyo andika mchoro wa marekebisho uliotumia, maana tofauti inaweza kufika miongo kadhaa.

Njia ya kutoka ni vipimo vingi vilivyopangwa kwa tabaka: cha chini ya tuta, cha chini ya handaki, cha katikati, cha juu. Programu ya takwimu ikijua kwamba hiki ni lazima kiwe cha zamani kuliko kile, inabana dirisha. Ikiwa mpangilio wa tabaka umekosewa, inabana dirisha mahali pasipo.

#13 Mjukuu_wa_Hoima

Na mwanga? Nimesikia kuna kupima mchanga kwa mwanga.

#14 Fundi_Timazi

Ndiyo mzee, kipimo hicho kinauliza punje za mchanga zilionana na jua mara ya mwisho lini. Kwa handaki linafaa kwa sababu halihitaji mkaa. Bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa 20 hadi 30 linapigwa nyundo kwenye ukuta uliosafishwa, linazibwa ncha zote kwa tepu nyeusi, na gramu 500 za udongo wa jirani zinachukuliwa kando kupima unyevu. Sentimita 3 za kila ncha hutupwa maabara. Shida: udongo wa chini kabisa uliporomoka kwa bonge, punje nyingi hazikuona jua kabisa, kwa hiyo unapata umri mkubwa mno. Chukua kwenye udongo laini uliooshwa polepole, siyo kwenye kokoto.

#15 Meno_ya_Ngombe

Niongeze onyo moja la Munsa, Kakumiro, ambako masimulizi yanasema ni makao ya Kateboha. Peter Robertshaw alichimba pale, akapata tanuri la kuyeyushia chuma, makaburi na shanga. Watu walikuwepo pale karne nyingi kabla ya mahandaki. Baadaye Julius Lejju na wenzake walitangaza fitolithi (chembe ndogo za silika zinazobaki mmea ukioza) za mgomba kwenye matope ya bwawa, katika tabaka la zaidi ya miaka 5,000. Kama ni kweli, historia ya matooke inabadilika kabisa. Wapinzani wakauliza mambo mawili: je, ni mgomba au ni ensete, jamaa yake wa porini, na je, matope ya bwawa hayakuchanganyika? Fitolithi ni ndogo kuliko mbegu na hutembea kirahisi. Tarehe inatoka kwenye tabaka, siyo kwenye fitolithi yenyewe, kwa hiyo shaka la #1 linarudi palepale, tofauti ni bwawa badala ya handaki.

#16 Mjukuu_wa_Hoima

Basi nikubali hili: handaki halina jina la mtu. Lakini Posnansky alisema Bigo ina awamu mbili, tuta la katikati likiwa limejengwa juu ya sehemu ya handaki la ndani. Wachwezi kwanza, Wabito baadaye. Hilo si jibu?

#17 Tabaka_Chini

Sehemu ya kwanza ya sentensi ni uchimbaji: kitu kimoja kiko juu ya kingine, kwa hiyo ni cha baadaye, na hilo limesimama. Sehemu ya pili ni masimulizi yaliyobandikwa juu yake. Vyungu vya awamu mbili havitofautiani vya kutosha kusema watu wamebadilika. Huenda ni utawala mpya, huenda ni mjukuu aliyetaka baraza kubwa zaidi.

Ningekuwa na kibali na fedha za mikato mitatu tu, ningeweka wa kwanza hapo hapo tuta la katikati linapokutana na handaki la ndani, ili tupate udongo uliofunikwa kati ya awamu. Wa pili kwenye handaki la nje upande wa mto, wa tatu kwenye handaki la nje upande wa kusini, kwa sababu hakuna aliyethibitisha kwamba duara la nje lilichimbwa kwa mara moja. Mbegu tano kwa kila mkato, mirija miwili ya mchanga kwa kila mkato. Ikiwa ya mto na ya kusini yatapishana miaka mia, hesabu ya watu 500 ya Hesabu_Kwanza itabidi igawanywe, na hoja ya mfalme mmoja mwenye amri moja itaondoka nayo.

#18 Hesabu_Kwanza

Weka wa nne Ntusi, ukingoni mwa moja ya mabonde yale. Bila hiyo hatujui kama wachimbaji wa Bigo ni wajukuu wa Ntusi au ni majirani zao waliowapora watu.